Kipande cha Kidari

Mbeyu binti Fondo alikuwa mwuza uji katika mnada wa ng'ombe wa Kinango, mjane, mwembamba, mkavu wa maneno. Wanawake wa namna yake wako tele na hakuna anayejisumbua kusimulia habari zao. Yeye alijulikana kwa jambo moja tu: alikuwa mama wa daktari. Aliitwa hivyo mpaka Kwale mjini, wanawake wakimsogezea kiti, na kila alipoitwa aliitika bila kuinua macho. Anayetaka hadithi ya kumfurahisha na aende penye harusi, maana hii haitamfaa.

Watoto wake waliofikia kutembea walikuwa wawili, Rai na mdogo wake Kache. Baba yao, Shutu, alifariki Kache angali ananyonya, na tangu hapo nyumba ile ilikula kwa mkono wa Chirau, kaka yake Mbeyu. Hilo halikumshangaza mtu. Kwa Waduruma shamba hutoka kwa baba, lakini ng'ombe hupita upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mbeyu alikuwa amemzaa Rai, akamlea, akamtia akili, lakini neno kubwa juu ya Rai lilikuwa la mjomba wake.

Na Chirau hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, pangekuwa na wa kumchukia. Alikuwa mkarimu, mwenye sauti nene na kilemba safi siku za mnada, mtu wa kupenda kuonekana. Alilipa karo ya Rai bila kusimanga hata siku moja. Kosa lake lilikuwa kupenda jina la kitu kuliko kitu chenyewe, na watu wa aina hiyo huwa wanatuponza huku tukiwashukuru.

Kache alikufa akiwa na umri wa kuanza shule. Kifua kilimbana, Mbeyu mwenyewe alikuwa kitandani na homa, na Chirau alikuwa amepeleka ng'ombe Mariakani. Rai, ambaye hakuwa mkubwa sana mwenyewe, alimbeba dada yake mgongoni kwenda kutafuta lori la kuwafikisha hospitali ya Msambweni. Kila kona ya njia mtoto alikuwa akiuliza, "Tumefika?" na Rai akimjibu, "Karibu." Walipoiona barabara alikuwa haulizi tena.

Tangu siku hiyo Rai hakuweza kukaa na mgonjwa. Hakuogopa damu, watu wasije wakadhani hivyo. Ng'ombe akishindwa kuzaa, aliyeitwa ni Rai, likizo zote za shule, na angeonekana amejilaza nyuma ya ng'ombe, mkono mzima umepotea ndani, akipiga mluzi. Akitoka hapo alikuwa amejaa damu na tope na uso wake unang'aa. Lakini jirani akipiga kelele za homa nyumba ya pili, Rai alikuwa akitoka nje akae zizini mpaka kimya kirudi. Mbeyu aliyaona hayo na hakuwahi kumuuliza. Alijua.

Uhuru ulikuja Rai akiwa kidato cha tano, bwenini Mombasa. Mwaka uliofuata Kinango nzima ilishikwa na homa ya majina. Redio ya mkahawani ilikuwa ikitaja kila jioni nani amepewa ofisi ya Mzungu gani, na wazee ambao hawakuwahi kuvuka reli ya Mariakani walikuwa wakitamka Makerere kwa ufasaha mkubwa, kama mtu anayeramba asali. Chirau alikuwa wa kwanza wao. Hakujua kama Makerere ni mji au ni mlima, ila alijua kwamba mtu aliyetoka huko huvuliwa kofia.

Rai alipomaliza kidato cha sita alirudi nyumbani, na siku moja akaja kwa mama yake pamoja na mwalimu Muthoka. Muthoka alikuwa Mkamba aliyehamia Kinango kufundisha, mtu mpole, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, naye ndiye aliyemfundisha Rai kusoma. Alipiga hodi, akaamkia, akakaa kwenye kigoda, na kabla ya uji kupoa akaanza kueleza.

"Mama Rai, vyuo ni vitatu, lakini vyote ni vya Chuo Kikuu kimoja. Udaktari wa watu uko Makerere. Sheria iko Dar es Salaam. Na udaktari wa mifugo uko Nairobi. Kijana huyu kwa alama zake anaweza kuingia popote. Lakini mimi nimemfundisha, na wewe umemzaa. Sote tunajua uko wapi moyo wake."

"Uko zizini," Mbeyu alisema.

Rai alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Mayo," alimwambia mama yake, "mimi nataka Nairobi. Mgonjwa akiniuliza kama atapona nitamjibu nini? Ng'ombe haniulizi kitu. Namtibu tu."

"Na mjomba?"

"Ndiyo maana tumekuja kwako," Muthoka alisema. "Mimi ni mgeni hapa, Mama Rai. Shuleni nitasema, lakini kwenye mambo ya ukoo wenu sina kinywa. Wewe unacho."

Mbeyu alimwahidi mwanawe kwamba atasema. Alimwahidi kwa mdomo wake, akamshika na kichwa, na Rai akaondoka pale amepona nusu. Akatoka akipiga mluzi.

Kesho yake Mbeyu alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta Chirau uani, amezungukwa na vijana anaowatuma huku na huku kualika watu: huyu Mkongani, huyu Samburu, huyu kwa wajomba wa mbali ambao hawakuonekana hata kwenye mazishi. Dume jeusi, lile kubwa ambalo wachinjaji wa Mombasa walikuwa wakilitamani kila mnada, lilikuwa limefungwa peke yake chini ya mkwaju.

"Dada, umekuja wakati mzuri!" Chirau alisema. "Ukoo unakutana. Tunamtangaza mtoto wetu. Makerere, Mbeyu! Daktari!"

"Kaka, mtoto anataka mifugo. Nairobi."

Chirau alikunja pua, kama mtu aliyesikia harufu. "Daktari wa ng'ombe? Umesahau yule Bwana Mifugo aliyetutia karantini, akatufungia mnada mpaka watu wakala mbegu? Aliyempiga risasi mtamba wangu mbele ya macho yangu? Nimsomeshe mtoto wa dada yangu aje awe yule?"

"Hatakuwa yule. Atakuwa Rai."

"Mtoto hajui anachokitaka. Kwani wewe ulijua ulipokuwa na umri wake? Watu wanatucheka huku bara ya Kwale, wanasema sisi ni watu wa kunusa mkia wa ng'ombe. Sasa tumepata mmoja wa kuwafunga midomo, na wewe unataka nimrudishe mkiani?" Kisha sauti yake ikalainika, na hapo ndipo alipokuwa wa hatari zaidi. "Mbeyu. Tangu Shutu atangulie, nimewahi kukunyima kitu?"

Hakuwahi. Mbeyu alirudi nyumbani na neno lake tumboni.

Lakini bado alikuwa na nafasi moja, tena kubwa kuliko ya Chirau, na hili ndilo linalouma. Katika ukoo ule, neno la mtoto husemwa nyama ikiwa imeandaliwa juu ya majani, na kabla ya mtu yeyote kugusa, mama wa mtoto hupewa kipande cha kwanza cha kidari, nyama ya kifua. Akila, neno limepita na limefungwa. Akikiweka chini, neno limelala palepale, na hakuna mwenye ruhusa ya kumuuliza sababu. Mjomba ana neno, lakini mama ana kidari. Bibi zake Mbeyu waliwahi kuvunja ndoa kwa njia hiyo, bila kufungua kinywa.

Rai alilijua hilo. Siku ya karamu alikaa na vijana wenzake upande wa pili, shati jeupe la shule limepigwa pasi, akimtazama mama yake kwa utulivu wa mtu mwenye siri nzuri. Muthoka alikuwa amekaa na wageni. Tembo la mnazi lilikuwa likizunguka, wanawake wakiimba, na Mbeyu alikuwa amekwishaamua. Atakipokea kipande kwa mikono miwili, kwa adabu, na atakiweka chini.

Chirau alisimama. Akamsifu marehemu Shutu, akausifu ukoo, akaisifu serikali mpya. Kisha akasema, "Na huyu Rai wetu, anakwenda Makerere kuwa daktari wa watu," na uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele vilipigwa na wanawake ambao kwa miaka mingi walikuwa wakinunua uji kwa Mbeyu bila kumtazama usoni. Mzee mmoja kutoka Mkongani, ambaye wakati wa kilio cha Shutu alisema mjane huyu atakuwa mzigo, alikuja kumshika mkono. "Mama Daktari," alimwita. Alikuwa wa kwanza kumwita hivyo.

Kipande kililetwa. Mbeyu akakipokea kwa mikono miwili.

Alimwona kaka yake amesimama, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha ya kitoto, furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani hana wa kumdharau. Akafikiria kimya kitakachoanguka akikiweka chini. Akafikiria wageni wakisimama na kujikung'uta, na Chirau akibaki na dume lake lililochinjwa bure. Na tuseme ukweli wote, maana nusu haitoshi: jina lile lilimwingia na yeye. Mama Daktari. Lilikuwa tamu. Kwa kitambo kifupi alilitaka, yeye mwenyewe, kwa roho yake.

Akala.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi sokoni. Rai hakuinuka wala hakuondoa macho kwa mama yake. Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, alikuja akasimama mbele yake.

"Umekula, mayo."

"Nimekula, mwanangu."

Hakumlaumu. Alimchukulia sufuria akambebea mpaka nyumbani kama siku zote, na Mbeyu angetoa chochote ili walau mara moja amfokee.

Basi akaenda Makerere. Ukoo ulimsindikiza mpaka stesheni ya Mariakani kwa ngoma. Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya, kwa kuwa yalikuwa ya vitabu, na kichwa Rai alikuwa nacho. Mbeyu alianza kujidanganya kwamba mtoto huzoea. Akawa anakaa kwenye viti alivyosogezewa.

Likizo iliyotangulia mafunzo ya wodini Rai alirudi amekonda. Mvua ilikuwa imekataa Kinango, ng'ombe wanakufa, na yeye alishinda zizini kwa mjomba wake akiwainua waliolala na kuwanywesha kwa mkono. Hapo ndipo alipomwambia mama yake kwamba ameuliza, na kwamba bado anaweza kuhamia Nairobi, walimu wenyewe wako tayari kumsaidia. Alichohitaji ni ridhaa ya nyumbani. Hakutaka kwenda kama mtoro.

Mbeyu alikwenda tena kwa kaka yake. Safari hii alisema yote: habari za Kache, za barabara, za mtoto wake kukimbilia zizini. Chirau alimsikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimlenga, kwani alimpenda Kache.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nakuambia sasa."

"Sasa! Neno lile lilifungwa, Mbeyu. Kulifungua kunataka dume kama lile na watu walewale. Dume liko wapi? Tazama zizi langu." Zizi lilikuwa mifupa mitupu. "Na hata kama lingekuwepo, niwaite watu niwaambie nini? Ulikula mwenyewe, mbele yao. Niwaambie dada yangu alikuwa na njaa?"

Mbeyu aliinuka. Alirudi akamwambia mwanawe ajaribu tu, atazoea. Rai akasema, "Haya, mayo."

Alirudi kabla ya mwaka kwisha. Aliteremka kwenye lori la Mariakani na sanduku lake, mchana, akatembea mpaka nyumbani akiitikia salamu za watu. Mbeyu alipomwona mlangoni alijua, akamwekea maji ya kuoga. Kidogo kidogo yalitoka. Wodini kulikuwa na mzee aliyemshika mkono akamuuliza ataruhusiwa lini kurudi kwake. Rai alikaa pale, mkono katika mkono, asubuhi nzima, hakuweza kujibu wala kuinuka. Walimu walimvumilia sana, wakampa mapumziko, wakamjaribu tena. Akaacha kuingia wodini. Halafu akaacha kutoka chumbani.

Ingekuwa hadithi ya watu wenye akili, hapa Rai angepewa fimbo na ng'ombe wachache waliobaki, na pengine angepona. Lakini Chirau aliona haya. Alitangaza kwamba daktari yuko likizo, likizo ndefu, mambo ya wasomi. Na akamkataza Rai asikanyage zizini. "Watu wakikuona umeshika mkia wa ng'ombe watasema nini? Ngoja kwanza. Tutapata njia." Hakuna njia iliyopatikana. Rai alikaa ndani ya nyumba ya mama yake, mlango umerudishwa, mikono juu ya magoti.

Na wagonjwa wakaanza kuja. Wangeachaje? Waliambiwa yuko daktari wao, damu yao, asiyesema nao kwa Kiingereza. Walikuja na majipu, na macho, na matumbo, na Mbeyu alikuwa akiwapokea uani na kuwaambia daktari ameitwa Kwale, daktari amekwenda Mombasa, daktari amelala. Alipata ufundi wa kusema uongo akiwa mtu mzima, na hakuna siku aliyouzoea.

Chiku alikuja asubuhi moja ya jua kali, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke kijana wa upande wa Mackinnon, na mtoto alikuwa akipumua kwa sauti. Zahanati walikuwa wamemwambia apande basi moja kwa moja mpaka Msambweni.

"Shikamoo, Mama Daktari."

"Marahaba. Mwanangu, nenda Msambweni kama ulivyoambiwa. Daktari hayupo."

"Nitamngoja."

"Atachelewa."

"Si kitu. Nimetoka mbali. Kwa nini nimpeleke mtoto kwa watu wasionijua, na wetu tunaye?" Akaketi kivulini mwa ukuta, akamshusha mtoto, akaanza kumpepea kwa pembe ya leso.

Mbeyu aliingia ndani. Rai alikuwa amesimama katikati ya chumba, amejishika masikio.

"Mwambie aende," alisema kwa kunong'ona. "Basi la asubuhi bado halijaondoka. Hicho ni kifua, mayo. Asingoje."

Mbeyu alitoka akasema hicho ni kifua, asingoje. Alisihi, akakaripia, akajitolea kumbebea mtoto mwenyewe hadi stendi. Chiku alimtazama kwa macho ya matumaini. "Umejuaje kuwa ni kifua? Mimi sijakuambia. Ni yeye amesema. Basi yumo. Nitangoja amalize kupumzika."

Kusema kweli kulihitaji sentensi moja tu: mwanangu si daktari. Mbeyu aliifikisha mpaka kwenye meno. Alimfikiria Chirau, akamfikiria Rai akipita sokoni watu wakijua, na sentensi ikarudi ilikotoka. Basi la asubuhi likaondoka. Chiku alikubali kuinuka jua lilipoanza kuteremka, akapanda basi la mwisho, na mtoto akakata roho kabla hawajafika Kwale.

Habari zilifika Kinango siku ya pili. Rai alizisikia kwa watu waliokuwa wakipita nyuma ya nyumba. Alioga, akavaa, akamwambia mama yake anakwenda dukani kununua sabuni. Walisema walimwona akipanda lori linaloelekea bara. Walisema hakuwa na mzigo. Mbeyu alimngoja wiki, akamngoja masika, na Chirau alituma watu Mariakani, Voi, mpaka Nairobi, wakarudi mikono mitupu. Baada ya hapo Chirau aliacha kuvaa kilemba, lakini hakuacha kusema kwamba mpwa wake ni daktari wa serikali huko mbali.

Mbeyu aliendelea kuuza uji, kwa kuwa mtu lazima ale. Siku moja ya mnada, kati ya vumbi na kelele za madalali, alimwona Chiku anakuja amebeba kuku. Aliweka upawa chini. Alijua siku hii ingefika, na moyoni aliitaka, maana kutukanwa kungekuwa nafuu. Chiku alipiga goti akamwamkia, akamkabidhi kuku.

"Ni wako, mama. Siku ile ulinihimiza sana, nami nikawa mkaidi. Ningekusikiliza, mwanangu angekuwa hai. Nisamehe."

Mbeyu akamshika kuku kwa mikono miwili.

"Nina ombi moja tu," Chiku aliendelea, akishika tumbo lake lililoanza kujitokeza. "Daktari akirudi, tafadhali nijulishe mapema. Huyu sitaki kumpeleka kwa mtu mwingine."

Wateja walikuwa wanangoja. Mbeyu alimtazama yule mwanamke, akatazama tumbo, na sentensi ile moja ikamjia tena mpaka kwenye meno.

"Nitakujulisha," alisema.